Uzi Hauneneshwi

Marahaba, marahaba, shikamoo zenu zote nimezipokea. Sasa kaeni vizuri, maana leo sisemi kwa upole.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye duka moja la kuchapisha karatasi, jirani na stendi. Nilikuwa na kadi ya mwaliko wa harusi ya mjukuu wangu, nimeipanga mwenyewe herufi moja moja kwa mkono, nataka tu ipigwe picha itumwe kwa watu kwenye simu. Kijana wa pale akaitazama, akakunja uso, akasema, "Bibi, herufi zako hazina nguvu. Nyembamba mno. Ngoja nizineneshe kidogo." Sijafungua mdomo, keshabofya. Jina la mjukuu wangu likavimba kama uso wa mtu aliyeumwa na nyuki. Nikachukua kadi yangu nikaondoka, na salamu sikumwachia.

Kijana mwenyewe nilimsamehe kabla sijafika nyumbani, ana adabu zake. Maneno yake ndiyo sikuyasamehe. Kwa sababu herufi zile anazosema hazina nguvu, droo yake ni moja tu ninayoijua Tanga hii nzima, na nusura iyeyushwe iwe vizito vya nyavu. Niliipigania kwa mdomo, kwa miguu na kwa makalio, mtaniwia radhi, na nitawaeleza makalio yaliingiaje.

Mimi ni Mwanahawa, wa Nguvumali. Nimefanya kazi miaka thelathini na miwili katika kiwanda cha chapa mjini hapa hapa, kazi yangu kupanga herufi za risasi. Nyinyi mnabonyeza, sisi tulikuwa tunaokota. Kila herufi ni kijipande cha risasi kimesimama, kichwani kimechongwa herufi kinyumenyume. Unaziokota kwenye vyumba vya droo, unazipanga mstari kwa mstari, unazifunga ndani ya fremu ya chuma, unazipaka wino, ndipo karatasi inakuja kuzibusu. Nimesema kuzibusu. Si kuzipiga kofi. Haya tutayarudia.

Kiwandani tulikuwa na droo nyingi za herufi nene, za matangazo ya mikutano na vikaratasi vya dawa. Nyembamba ilikuwa droo moja tu. Kibandiko chenye jina lake la kiwandani kililiwa na mende kabla mimi sijaajiriwa, basi sote tukaiita Uzi.

Herufi za Uzi zilikuwa na nyayo. Tazameni herufi zenu za simu, nyingi zimekatwa wima kama fito, juu bapa, chini bapa. Za Uzi kila kijiti chini kina vijistari viwili vidogo, kimoja kushoto kimoja kulia, herufi imesimama kwa miguu yake. Na mwili haukuwa na unene mmoja. Ile a ilianza nyembamba juu, ikajaa kidogo tumboni, ikarudi nyembamba mkiani. Ukiweka maneno kumi kwenye karatasi, macho yanateleza, hayakwami popote. Karatasi inabaki nyeupe, inapumua. Mtu akipewa kadi ya Uzi hakuisoma kwa haraka haraka mlangoni. Aliingia nayo ndani akakaa.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Bernado. Wazazi wake walikuja kukata mkonge, naye akazaliwa Mwera huko Pangani, Mkatoliki wa kuamka na misa. Mimi nimevaa ushungi wangu, nimetoka madrasa, na mwanamke hakuwahi kuonekana kwenye chumba kile isipokuwa kufagia. Wenzake wakamwambia huyu ataolewa mwaka huu huu, unapoteza muda. Akawajibu, "Nikitaka ushauri wa ndoa nitakwenda kwa padri." Akanipa droo ya Uzi niishike siku ya kwanza, ile ambayo wanaume wenyewe walikuwa wakiiogopa.

Waliiogopa kwa haki. Uzi una dawa yake. Wino ukizidi, tumbo la a na la e linaziba, unabaki na vidonda vyeusi. Ukiikaza sana mashine, nyayo zinavunjika, na unyayo ukivunjika herufi imekufa, hakuna gundi. Ukiosha, tumia mafuta ya taa na brashi laini ya viatu, wala usiguse ile ya waya. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na majimaji, karatasi inalegea na kujikunja pembe, kwa hiyo karatasi ya Uzi ilikaa kabatini juu, mbali na sakafu, na asubuhi tulianza na nakala kumi za kutupa kabla ya moja ya kuuza. Mwalimu Bernado alikuwa akifumba macho na kupitisha kidole mgongoni mwa karatasi iliyotoka mashinani. Akisikia mabonde, anasema, "Binti, hapa umepiga kofi. Rudia."

Nilirudia sana. Nililia pia, chooni, nikatoka nikarudia.

Kosa langu kubwa lilikuwa la k. Lazima mjue kwamba droo zile zililetwa kutoka Ulaya, na waliozijaza waliwajazia wenzao, si sisi. Walitupa e chungu nzima, q za kuchezea, x, na vijiherufi vyenye mikia na kofia ambavyo mpaka leo sijui ni vya nani. K wakatupa chache. W chache. A ndio usiseme. Na Kiswahili bila k unakwenda nacho wapi? Karibu, kaka, kuku, kaburi, kila kitu k.

Basi siku moja naipanga kadi ya mwaliko, bwana harusi anaitwa Kheri Kombo Kikoti, na mstari wa mwisho k zimekwisha. Njia sahihi ilikuwa kupiga chapa nusu ya juu kwanza, kuzirudisha herufi kwenye droo, kupanga nusu ya chini, kisha kupitisha karatasi zote mara ya pili. Kazi ya siku mbili. Mimi mjanja nikaazima k moja kutoka droo ya herufi nene, nikaichomeka kwenye Kikoti, nikajisemea nani ataiona.

Aliiona shangazi wa bwana harusi. Alikuja na kadi zote ndani ya kikapu, akazimwaga juu ya meza ya kupangia, mbele ya wafanyakazi wote. "Mwanangu huyu," akasema, "K ya jina lake nyembamba, k ya baba yake nyembamba, ukifika kwenye ukoo amevimba mguu. Mnatwambia ukoo wetu una matende?"

Chumba kizima kilicheka mpaka mashine zikasimama. Mimi nilitaka sakafu ipasuke. Mwalimu Bernado hakucheka. Alimwomba radhi yule mama kwa niaba yangu, akamkalisha, akaagiza chai, akaniambia nianze upya na nipite mara mbili. Nikapita mara mbili. Mara ya pili nikaingiza karatasi hamsini za mwanzo juu chini, ukumbi wa harusi ukasomeka kichwa chini miguu juu. Hizo nilizitia moto mwenyewe kabla shangazi hajamaliza chai.

Tangu siku hiyo nikaijua kazi ya Uzi na mipaka yake, na hapa andikeni mnaotaka kuandika. Uzi ni wa kadi za harusi, maulidi, ubarikio, shukrani, ratiba ya mazishi, jina la mtu anapoheshimiwa. Uzi si wa kibao cha barabarani. Si wa maelezo ya dawa kwa mzee mwenye mtoto wa jicho. Usiuweke mdogo halafu ulalamike hausomeki, ukuze, uupe nafasi, ondoa maua yako na mioyo yako unayoijaza pembeni. Usiuweke mweupe juu ya weusi, unazama. Na kwenye simu, kijana wa stendi, tatizo si wembamba. Umeuweka juu ya picha ya machweo na puto za dhahabu, kisha unasema hauna nguvu. Ondoa puto!

Kisha zikaja kompyuta. Sikuzichukia, msinisingizie. Nilijifunza, nikapanga nazo. Lakini meneja wetu wakati huo, Bwana Sefu, alikuwa mtu wa kusafisha. Asubuhi moja alitutangazia kwamba risasi yote ya kiwanda imepata mnunuzi, Bakari wa Moa, mtengenezaji na muuzaji wa nyavu huko karibu na mpaka. Herufi zote zingeyeyushwa kuwa chubwi, vile vizito vinavyozamisha wavu. Bakari tayari alikuwa uani na gari, magunia na mizani yake ya mnyororo yenye sahani mbili.

Wakaanza kumwaga droo. Mngesikia ule mlio. Herufi zilizopangwa kwa miaka, kila moja chumbani kwake, zinamiminwa kama mahindi. Mwalimu Bernado alikuwa amekwisha kustaafu, yuko kwake Mwera, na nikashukuru Mungu haoni. Walipoikaribia droo ya Uzi nikaichomoa kwenye kabati, nikaiweka sakafuni juu ya maboksi mawili, nikaifunika kwa ubao, nikaikalia.

"Bi Mwanahawa," Bwana Sefu akasema, "inuka."

"Siinuki."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ndiyo maana nimekaa."

"Hiyo ni mali ya kiwanda."

"Na mimi ni mtumishi wa kiwanda, naitunza mali."

Alipayuka, nikapayuka. Akatishia kunifukuza, nikamwambia anifukuze na barua aipange kwa Uzi, nitamsaidia k. Wenzangu wengine walitazama chini, wengine wakatoka nje wasije wakaulizwa wako upande gani. Nilikaa pale tangu saa tatu mpaka adhuhuri. Niliogopa, sikatai. Nilikuwa mjane na watoto wawili shuleni. Lakini nilijua nikiinuka mara moja tu, sitaikalia tena.

Mwisho Bakari mwenyewe akaja, akachutama mbele yangu. Mtu mzima, mikono mikubwa ya makovu ya nyuzi. "Dada," akasema, "mimi nataka risasi, sitaki ugomvi. Hiyo ina nini hiyo?"

Nikasogeza ubao, nikamtolea a moja, nikampa na a ya droo nene kutoka guniani. Akaziweka kiganjani akazigeuza kwenye mwanga.

"Hii nyembamba," akasema. "Hii ndiyo nzuri."

"Wewe unaona. Wasomi wangu hawaoni."

"Wavu wa uzi mnene samaki anauona, anapita pembeni," Bakari akasema. "Wembamba ndio kazi. Kufuma wavu mwembamba si mchezo." Kisha akamgeukia Bwana Sefu. "Bwana meneja, mimi nimenunua uzito. Dada akiniletea uzito sawa na wa droo hii, risasi yoyote, mimi sina neno."

Bwana Sefu akacheka. Alijua risasi haiokotwi barabarani. "Mpaka Jumamosi," akasema. "Gramu moja ikipungua, inamwagwa yote." Droo ikafungiwa stoo kwa kufuli, ufunguo akaushika yeye.

Zilikuwa siku nne. Nilizunguka gereji zote za Nguvumali na za jirani, naomba vile vipande vya risasi vinavyobandikwa kwenye rimu za magari kusawazisha matairi. Vilivyochakaa hutupwa. Fundi mmoja akaniuliza, "Mama, unafungua gereji?" Nikamwambia, "Nafungua vita." Akaniambia basi vita ingoje, akalala chini ya benchi lake akavuta kopo zima la vipande, vimejaa grisi. Mwingine alinipa viwili akataka nimsimulie habari yote kwanza, nikamsimulia, akaongeza vitatu. Kucha zangu zilikuwa nyeusi, miguu imevimba, na kila jioni napima kwa mizani ya muuza duka wa mtaani kwetu, naona bado.

Ijumaa habari zilikwishafika Mwera. Jumamosi asubuhi namwona Mwalimu Bernado anashuka kwenye gari la Pangani na fimbo, begani kabeba kipande cha bomba la risasi kimefungwa kwenye gunia. Nikamkimbilia, "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba binti. Hili lilikuwa la maji, nyumba ya zamani ya shamba la mkonge. Nimelikuta."

"Umelikuta limelala?"

"Limelala chini ya ardhi kidogo," akasema, akaangalia pembeni.

Tukaingia uani. Mizani ya Bakari ilikuwa imetundikwa kwenye boriti. Bwana Sefu akataka herufi za Uzi zimwagwe kwenye gunia zipimwe. Mwalimu Bernado akapiga fimbo chini. "Ukizimwaga umekwisha kuziua, unapima nini? Weka droo nzima sahani hii. Sahani ile weka droo tupu ya aina ile ile, mbao kwa mbao, kisha atie risasi yake humo." Bakari akasema hiyo ni haki.

Wakaweka. Nikatia vipande vya matairi, kopo baada ya kopo. Nikatia bomba. Sahani yangu ikapanda, ikashuka, ikatulia. Upande wa Uzi bado ulikuwa chini, kiasi cha upana wa viganja viwili.

"Imepungua," Bwana Sefu akasema.

Mwalimu Bernado akaninong'oneza, "Toa kwenye Uzi utie huku. Kila unachohamisha kinahesabika mara mbili. Anza na za wageni."

Nikaelewa. Nikaanza kuokota kwenye droo. Nikatoa q zote nikazihamisha. Nikatoa x. Nikatoa vile vyenye mikia na kofia, kiganja kimoja baada ya kingine. Nikatoa nusu ya zile e ambazo hatukuwahi kuzimaliza hata mara moja. Mizani inasogea, inasogea. Msiniulize leo q za Uzi ziko wapi. Mungu akizijalia, ziko Moa zinavua.

Viganja viwili vikawa kimoja. Kimoja kikawa upana wa kidole. Hapo ikagoma.

"Toa herufi kubwa," Bwana Sefu akasema, mikono mfukoni.

"Herufi kubwa ndizo zinazoanza majina ya watu," nikamwambia. "Nikizitoa nitamwandikaje mtu? Sizitoi."

"Basi inamwagwa."

"Imwage uone."

Mwalimu Bernado ameshika fimbo kwa mikono miwili, midomo inatetemeka, sijui ni sala au matusi. Bakari akasogea kwenye mizani, akajifanya anakagua mnyororo, akainua kichwa kutazama boriti. Nikaona kidole chake kidogo kimetua kwenye ukingo wa sahani yangu, taratibu, kama mtu anayegusa mtoto aliyelala. Mkono wa mizani ukalala sawasawa.

"Zimelingana," akasema.

"Bakari!" Bwana Sefu akapiga hatua. "Kidole hicho!"

"Kidole kipi?"

"Hicho hapo, nakiona!"

"Mizani yangu, risasi nimenunua mimi, hasara kama ipo ni yangu," Bakari akasema, kidole hakitikisiki. "Nimesema zimelingana. Dada, chukua droo yako."

Niliikumbatia droo kwa mikono miwili nikaiinua, nzito hiyo, mgongo ukalia. Sahani ya pili ikaanguka kwa kishindo, risasi zikatawanyika ua mzima, Bwana Sefu akainama anaziokota huku anaapa. Mwalimu Bernado alikuwa ameshanifungulia geti kwa fimbo yake. Nikapita, sikugeuka, na sikuitua droo ile mpaka Nguvumali.